Mume Wangu Kwenye Mkunjo wa Kitabu

Mimi shule niliishia la pili, baba akanitoa nikachunge mbuzi, kwa hiyo kitabu kwangu ni picha. Hiki cha jubilei ya parokia nilikinunua kwa sababu moja tu: ndani yumo mume wangu, ambaye ziwa lilimchukua kabla kitinda mimba wetu hajaanza kutembea.

Picha yenyewe, niliyokuwa nayo nyumbani, ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani. Wavuvi wa hapa Kiriba wamebeba wavu mabegani, yeye katikati. Kumwona mpaka uisogeze machoni, na mkiwa wawili mnagusana vichwa. Wanangu wamemjua baba yao hivyo, tumebanana mlangoni penye mwanga, wananuka dagaa. Dagaa nilikuwaga naanika mwenyewe, juu ya kichanja, siyo hawa wa siku hizi wenye mchanga. Haya, turudi.

Kamati ya kitabu wakaiazima picha. Ikapotelea kwa mchapaji, Musoma mjini, mpaka leo. Nikajipa moyo: si kitabuni atakuwemo?

Kitabu kikaja, kikubwa kama sinia. Picha wameikuza ikajaza kurasa mbili. Watatu kushoto, watatu kulia, mpaka vifundo vya wavu unaviona. Katikati, sikio. Ng'ambo yake, sikio lingine. Uso wote umezama kwenye mkunjo, kwenye gundi.

Nikakibeba mpaka kwa mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu.

"Mwalimu, mume wangu yuko wapi?"

Akakipanua kwa viganja, akachungulia. "Si huyu hapa, mama? Kaza macho."

"Nimekaza. Nimeona gundi."

"Picha kubwa ndiyo heshima, mama. Ile ndogo nani angeiona?"

"Mimi. Miaka yote hii nilikuwa naiona."

Shemeji yangu wa Butiama, niliyekwenda naye, mdomo wake hauna mlango. Akacheka: "Shemeji, si alikuwaga anajificha hivyo hivyo siku za kulima!"

Nikacheka na mimi, maana ni kweli. Lakini mezani palikuwa na kisu cha machungwa. Nikakichukua, nikakipitisha kwenye mgongo wa kitabu.

"Mama! Hicho kitabu kimebarikiwa na askofu!"

"Na ndoa yangu ilibarikiwa."

Kurasa mbili zikachomoka. Nikazilaza mezani, nikazisogeza taratibu mpaka zikakutana. Akatokea. Mstari umempitia puani, lakini macho yote mawili yapo, na lile pengo la jino. Mwalimu akainama aone. Shemeji naye akainama. Tukagongana vichwa.

Wengine kanisani wanasema nimeharibu kitabu cha parokia. Waseme. Changu kina kurasa mbili pungufu na mume mmoja zaidi.

Binti yangu wa Nyasura anataka kuzitia fremu, azitundike juu ukutani, wageni wazione wakiwa wamekaa. Nimekataa. Zitabaki hapa mezani. Anayetaka kumwona, ainame.