Kipande cha Mgongoni

Mwaka aliotimiza miaka arobaini na tisa, dada yangu Aresia alianza kuchelewa mtoni. Kisiwani kwetu hakuna maji ya kunywa, kwa hiyo kila asubuhi wanawake tunavuka kwa mitumbwi hadi mto ulio bara, tunafua, tunajaza madumu, tunarudi. Aresia alikuwa mtu wa kwenda na kurudi. Sasa madumu yangu yanajaa, nguo zimekamuliwa, yeye haonekani. Nikadhani kuna mwanamume. Ni mjane, haki anayo, lakini mimi nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Nikamfuata.

Nilimkuta amechuchumaa njiani, sketi imeingia tope.

"Dada, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu. Njoo uone."

Nikatazama. Sisimizi. Wale wekundu wanaokata majani na kuyabeba yamesimama wima juu ya vichwa vyao.

"Hawa?"

"Tazama wanavyokata. Hawatoboi, wanazungusha."

"Wanakata hivyo tangu tukiwa watoto."

"Najua. Mimi nilikuwa wapi?"

Nilimwambia madumu yamejaa.

Lazima niseme Aresia alikuwa mshonaji wa namna gani. Blauzi zetu zina kipande cha kifuani na cha mgongoni, na kila kipande ni vitambaa vya rangi vilivyolaliana: unakata cha juu, unapinda ukingo kwa sindano, cha chini kinachungulia. Aresia ameshona hivyo tangu ana miaka saba. Kasuku, kobe, samaki. Mishono midogo, safi, na kila kasuku wake ni yule yule wa jana. Nilimpa ashone blauzi ya binti yangu Yarelis kwa sababu hiyo hiyo, nilitaka mtu asiyenishangaza. Karamu ya Yarelis ya kukatwa nywele na kuhesabiwa mtu mzima ilikuwa inakaribia, na binti hatoki mbele ya kisiwa kizima na nusu ya blauzi.

Kipande cha kifuani alikimaliza kwa siku kumi na mbili. Hakikuwa na sisimizi hata mmoja. Majani tu, yameliwa pembeni, yanapanda kwa mistari, mekundu juu ya manjano juu ya weusi, na ukikazia macho yanatembea. Sikujua nifurahi au niogope. Jirani yetu Nixia alikuja kuomba chumvi, akakaa hadi mchana.

"Aresia, nani kakuchorea?"

"Hakuna."

"Usinifiche, shoga. Miaka yote kasuku, kasuku, leo hii?"

"Na wewe miaka yote chumvi, chumvi. Mbona hatukuulizi?"

Kisha kipande cha mgongoni kikakataa. Kwetu vipande viwili ni ndugu, si mapacha. Ukinakili cha kwanza, wanawake watakucheka. Ukileta kisichohusiana nacho, watasema umeokota. Aresia alikaa mlangoni na kitambaa chekundu magotini, mkasi mkononi, bila kukata. Wakati huo wanaume walikuwa wamekwisha chemsha maji ya miwa na kujaza mitungi. Pombe hiyo haimngoji mtu. Mzee Anelio huionja kila siku, na siku akisema imeiva, karamu ni kesho yake.

Nilikwenda kwa mganga nikaleta majani ya macho, yale wanayooshewa wasichana wetu ili waione michoro. Aresia aliosha macho siku nne bila kubisha.

"Unaona nini?"

"Naona vizuri sana. Naona kitambaa chekundu."

"Basi rudi kwa wadudu wako."

"Nimekwenda. Leo ni wadudu tu."

Anelio akachovya ulimi kwenye kibuyu akasema bado siku nne, labda tano. Nikaona nitashona mwenyewe. Kila Aresia alipovuka kwenda bara, nilijificha nyuma ya jiko na kile kipande chake cha kifuani, nikahesabu majani, nikayafuata moja moja kwenye kitambaa changu. Siku ya pili alirudi mapema.

"Mama Yarelis, unafanya nini?"

"Nakuokoa."

Akakinyakua kitambaa changu. Nilingoja matusi. Akaanza kucheka mpaka akashika nguzo.

"Umenakili mpaka kosa langu! Hapa mkasi uliniteleza, jani likachanika, nikaliziba kwa uzi. Wewe umelifungua ukalipinda pande zote kama mlango!"

"Ningejuaje? Chako chote ni cha ajabu. Kosa nilitambueje?"

Akakisogeza kile kitambaa karibu na uso, akakipeleka mbali. Pale alipoziba yeye, kwangu palikuwa na tundu jeusi, ukingo wake mzuri, nakiri, kwa sababu nilishona kwa hofu.

"Inaingia," akasema.

"Nini inaingia?"

"Njia ya sisimizi. Nilikuwa naipandisha tu, sijui inaishia wapi."

Nikamwomba anieleze. Akaniambia nikamenye ndizi. Alifumua majani yangu yote, akaacha lile tundu peke yake, akaanza kukata kuanzia pale, haraka, bila kuchora. Siku tatu alikula akiwa amesimama.

Anelio akasema imeiva. Asubuhi ya karamu Aresia alikuwa bado anaunga mikono ya blauzi, huku wanawake wakimmwagia Yarelis maji ndani ya kibanda cha majani. Alitoka nywele fupi, uso umepakwa weusi, blauzi mwilini. Wakamzungusha, kama desturi. Mbele, majani yanapanda. Nyuma yanateremka, yanajikunja, yote yanaingia kwenye tundu moja karibu na bega. Hakuna aliyecheka. Bibi mmoja akalitia kidole.

"Huu mgongo nani kashona?" Nixia akauliza.

"Muulize mama yake," Aresia akasema.

Wote wakanigeukia. Nilitaka kusema nilikuwa nanakili tu, kwamba lile ni kosa, tena si langu. Halafu sikuwa na hakika ni la nani, wala kama bado ni kosa.

"Mama," Yarelis akanong'ona, shingo imekakamaa, "kuna nini mgongoni?"

"Usigeuke kwanza," nikamwambia. "Bado natazama."