Tairodi ya Upande wa Demani

"Si duka lililokosea, Baba. Nimekosea mimi."

Hakutaka kusikia. Alikuwa amelala chali chini ya gari, miguu tu nje, anagombana na kile chuma kipya. "Hao wa Dar es Salaam wakiona barua imetoka Mafia, wanatuma chochote!"

"Wametuma nilichoandika."

"Basi mbona hakiingii?"

Hakiingii kwa sababu tairodi, ule mtaimbo unaoshika magurudumu mawili ya mbele, ina vichwa viwili. Kimoja kinafungwa kwa kuzungushwa kulia, kingine kushoto. Kilicholika ni cha kulia. Mimi nimeagiza cha kushoto.

Siku ile naandika barua, Baba alinipigia kelele kutoka uani: "Kibovu ni cha demani!" Alikuwa nahodha miaka mingi kabla hajanunua gari hili kuukuu kwa meneja wa shamba la minazi. Kwake kila kitu kina joshi, upande unaopigwa na upepo, na demani, upande uliokingwa. Hata kitanda. Hata punda. Nikachungulia dirishani, nikaona gari limekingwa kushoto, nikaandika kushoto. Kumbe alikuwa amelikagua jana yake, kabla hajaligeuza. Hatua kumi tu hadi uani, na sikutoka kuangalia. Jua lilikuwa kali, nilikuwa na haraka, na Kiingereza changu cha barua ile kilikuwa kizuri mno.

Sasa Dada ana mimba ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alimpoteza hapa hapa Bweni, na safari hii tumekubaliana akajifungulie hospitali Kilindoni.

"Nitarudisha cha zamani, nikikaze kwa kamba ya usumba," Baba akasema. "Usukani wa jahazi nao unacheza. Nimefika nao Lamu."

"Baharini hakuna minazi ya kugonga, Baba."

Akacheka huko chini. "Skuli imekupa ulimi, mwanangu. Macho je?"

Dada alikuwa barazani anapeta mchele, na hakuinua hata uso. "Na mimi," akasema, "mtaniuliza lini?"

Tangu saa ile nalifikiria neno hilo. Baba anabishania gari, mimi nabishania barua, na atakayekaa ndani ya gari hilo ni yeye.

Kile kichwa cha zamani kiko juu ya gunia, karibu na gurudumu. Kesho, Baba akiwa msikitini, nitakitia kikapuni mwangu asikirudishe garini, na akirudi nitamwambia wazi kwamba ninacho. Halafu nitaketi kwenye kiti cha dereva, niandike barua upya: mkono wa kulia wa dereva aliyeketi. Kipya kikichelewa, Shemeji, mumewe Dada, ana punda mpole. Tukianza mapema tunaweza kwenda taratibu, tulale kwa shangazi Kirongwe.

Lakini kabla ya yote hayo nitamwamkia Dada, nikae chini, nimuulize anataka kwendaje.