Chupa Kwanza, Kufukuzwa Baadaye

Ninyi vijana mnaosoma haya mkiwa mmelala chali, kaeni vizuri. Mnamsikia babu yenu akisifiwa kuwa mtafiti mkubwa wa shimi, yaani kemia, aliyesoma Ulaya akarudi kuchunguza madini yetu, na mnadhani mji huu ulimpenda tangu mwanzo. Mniulize mimi bibi yenu niliyefua koti lake jeupe. Shule niliiacha mapema, nilipoweza kusoma bei sokoni. Macho sikuyaacha.

Babu yenu alizaliwa hapa hapa mtaani Kamalondo, nyumba ile ya kona. Wazazi wake ndio waliotoka jimbo la Kasai kufuata kazi. Mimi ni mtu wa Lukafu, humu humu Katanga. Katanga ilipojitenga, tuliamka asubuhi yeye ni mgeni na mimi ni mwenye nchi. Nchi yenyewe ilikuwa changa kuliko sufuria yangu ya bukari, ugali wetu wa kila siku.

Wakati ule alikuwa bado msaidizi tu katika labo, maabara ya kiwanda cha shaba. Na alikuwa na tabia moja: hasemi neno juu ya kitu kabla hajakipima. Hata mboga yangu aliionja, akaonja tena, ndipo akasema kama chumvi imekolea. Nilimwambia mboga si jiwe la mgodini. Lakini mtaani tabia hiyo ilimpa heshima, kwa sababu ya lutuku, ile pombe kali inayopikwa nyuma ya nyumba. Tangu watu kadhaa wapofuke kwa lutuku mbaya, hakuna aliyefanya karamu bila kumletea chupa. Aliipeleka labo, akarudi na neno moja: nzuri, au mwaga. Ukimharakisha, jibu lilikuwa lile lile: "Majibu kesho."

Basi watu wa Kasai wakaanza kufukuzwa. Fundi cherehani wa mbele yetu aliondoka na mashine yake kichwani, akaenda kambini walikorundikwa wenzake. Hakuna aliyemtetea. Walimkumbuka baadaye, suruali zilipowachanika. Nami nikafunga mizigo: mashuka, sufuria, koti jeupe. Mama mkwe akaketi juu ya mizigo, akakataa kusogea.

Wakaja mchana, nikichambua sombe, majani ya muhogo. Vijana wakajaa uani, na mbele yao mdogo wangu wa tumbo moja, amefunga mkononi kitambaa cha rangi za bendera mpya. Mkono wa pili umeshika chupa.

"Yaya," akaniita mimi dada yake, "bwana yako eko?"

"Eko. Munamutakia nini?"

"Tunakuya kumufukuza. Arudi kwabo."

"Kwabo ni nyumba ile ya kona. Na chupa?"

Akatazama miguu yake. "Ya ndoa yangu. Shemeki aipime kwanza."

"Apime kwanza, njo mumufukuze?"

"Njo vile."

Hakuna aliyecheka. Kwao ulikuwa mpango mzuri. Babu yenu akatoka ndani, akainua chupa kwenye mwanga, akaitikisa kidogo.

"Majibu kesho," akasema.

Vijana wakatazamana. Mmoja wa nyuma akauliza, "Sasa tunamufukuza kesho?"

"Kesho," mdogo wangu akamjibu, kama mkubwa wa ofisi. Wakaenda zao.

Nilimwambia mume wangu, "Sema iko muzuri, batuache."

"Sijapima," akanijibu.

Kesho yake akarudi kutoka labo akawakuta uani wanangoja. "Mwaga," akasema.

Yule wa nyuma akachachamaa. "Mugeni anataka kuharibu ndoa ya batu!"

"Basi kunywa," babu yenu akamjibu. "Anza weye."

Kijana akaangalia chupa, akaangalia wenzake. Hawakumwamini mtu, ila kipimo chake walikiamini. Mdogo wangu mwenyewe akaimwaga kando ya ukuta wangu, na majani ya pale yakakauka.

"Nitatafuta ingine," akasema polepole. "Sasa nani atapima?"

Wakashauriana pembeni. Wakaona afadhali ndoa ipite kwanza. Ndoa ikapita, ukaja msiba, msiba ukaleta ubatizo, na Kamalondo haijawahi kukosa sababu ya kunywa. Fundi cherehani hakurudi. Yeye alijua suruali tu.

Tulipomzika babu yenu, miaka mingi baadaye, mdogo wangu alisimama na tai shingoni akasema marehemu alikuwa mutoto wa hapa hapa, na kwamba wao, vijana wa wakati ule, ndio waliomlinda. Alikuwa analia kweli.

Lakini siku ile lutuku ilipomwagwa hakuna aliyejua mwisho wake. Vijana walikuwa ndiyo kwanza wametoka uani, na watu wangu wote wananitazama, tunakwenda au tunabaki. Nikamwinua mama mkwe juu ya mizigo.

"Fungueni hii, mpike bukari," nikawaambia. "Na yeyote atakayekuja kutufukuza, pokeeni chupa yake, mumwambie majibu kesho."