Kata Kulia Kwenye Tangi la Maji

Kwetu Al Qusais, hapa Dubai, kila nyumba ina kibao chenye namba, na sijakutana na Mswahili hata mmoja anayeijua namba ya nyumba yake. Sisi tunaelekezana kwa vitu. Pita kiplefti, kata kulia kwenye tangi la maji, ukimwona dobi wa Kimalabari umefika. Kiplefti kiliondolewa, wakaweka taa. Tangi lilibomolewa, sasa pana jengo refu la wafanyakazi, nguo zimeanikwa madirishani. Dobi alirudi kwao zamani na dukani kwake zinauzwa simu. Hatujali. Bado tunasema "kwa dobi", na mkaazi wa hapa anaelewa. Asiyeelewa tunajua si mwenzetu, na mimi ubaguzi huo mdogo nilikuwa naupenda.

Mdogo wangu wa kiume alihamia Maskati akaoa huko, na kwa miaka kumi na moja hakutia mguu nyumbani. Ni mwendo wa saa tano tu kwa gari. Mama alipopooza upande mmoja, mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikampeleka kliniki na kumrudisha, huku nina kazi yangu ya mapokezi kwenye hoteli ndogo Muraqqabat. Yeye alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Mama alifurahi wiki nzima kwa simu ya dakika nne. Nilikuwa nikimtazama anavyofurahi, na moyo ukinichoma.

Mama alifariki hospitalini alfajiri. Kufika adhuhuri alikuwa keshaoshwa na kukafiniwa, na tukaruhusiwa kumleta nyumbani tumtazame uso kwa mara ya mwisho, kisha aende kusaliwa baada ya Alasiri na kuzikwa. Gari lingesubiri saa moja tu. Mdogo wangu alikuwa njiani tangu asubuhi. Akanipigia.

"Dada, nimeshapita mpaka wa Hatta. Nitumie lokesheni, maana nasikia huko kote kumegeuka."

"Nyumba ya mamako ndiyo nikutumie lokesheni?" nikamwambia. "Pita kiplefti, kata kulia kwenye tangi la maji. Au na hilo umelisahau?"

"Sijasahau, dada. Nakuja."

Sikuteleza ulimi. Nilijua ninachosema. Nilitaka azunguke, aone aibu ya kupotea kwenye mtaa aliozaliwa, awaulize wageni njia ya kwao. Robo saa tu. Hasira yangu yote ya miaka kumi na moja ilikuwa inadai robo saa, na wakati ule niliona si kitu.

Mama akaletwa, akalazwa sebuleni. Wanawake wakaanza kusoma Yasini. Simu yangu ikatetemeka mkobani, nikatazama, nikaona ni yeye, nikaiacha. Ikatetemeka tena, nikaiacha. Mara ya tatu nikapokea, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo. Alikwishaingia Sharjah, mji wa jirani, kwa kutafuta tangi, na yuko kwenye foleni isiyosogea. Hapo ndipo nilipomtumia lokesheni.

Tulimwomba dereva asubiri kidogo. Akasubiri kidogo kweli, Mungu amlipe. Kisha akaangalia saa yake, akasema kwa upole, "Khalas, madam. Yalla, sala itatupita." Mjomba akamfunika Mama uso. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikaangalia sanda inavyofungwa.

Mdogo wangu aliwakuta wazikaji makaburini wanasawazisha udongo.

Alikuja nyumbani karibu na Magharibi, kanzu imejaa vumbi mpaka magotini. Akakaa chini karibu na mlango, mbele ya shangazi zetu wote, akanishika mkono.

"Nisamehe, dada. Nimepotea njia ya kwetu. Ningekuwa nakuja, ningeijua."

Shangazi mmoja akaguna kumlaumu. Ningeweza kusema palepale. Maneno yenyewe hayakuwa mengi.

"Mungu hakujaalia," nikamwambia.

Tangu hapo kila Idi hunipigia, mtu mzima na wanawe wakubwa, analia, ananiomba tena radhi. Na mimi kila Idi namwambia nimeshamsamehe.