Njia Tatu za Kumi

Sikuliwa kwa ujinga. Laiti ningekuwa mjinga, nisingeona haya mpaka leo.

Miaka ile baada ya vita nilikuwa mwalimu wa hesabu Temeke, na kila Jumapili nilicheza kamari ya dadu nyuma ya banda la fundi baiskeli. Mchezo aliuleta askari mmoja aliyerudi kutoka Burma. Unarusha dadu mbili: saba au kumi na moja, umekula; mbili, tatu au kumi na mbili, umeliwa. Ukipata nambari nyingine, hiyo ndiyo yako, unaendelea kurusha mpaka irudi. Saba ikitangulia, kwaheri.

Nikajitia fundi. Nilichora chini kwa kijiti: saba ina njia sita za kutokea, sita na nane zina tano tano, tano na tisa nne nne, nne na kumi tatu tatu tu. Nikawaambia wachezaji wenzangu mwenye kumi asitambe. Yule askari, ambaye hakujua kusoma, alinisikiliza kwa adabu mno.

Nilikuwa naishi na mama. Kama wazee wengi wa mtaani kwetu, alijinunulia sanda yake mapema, bafta nyeupe, kwa fedha ya vitumbua. Kila Shaabani aliitoa sandukuni, akaifukiza udi, akairudisha. Bafta ilikuwa adimu wakati ule. Ukiiulizia dukani unachekwa.

Jumapili moja niliishiwa kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa matangani. Nilikwenda nyumbani kwa miguu yangu, nikafungua sanduku kwa mikono yangu, nikajiambia naiazima tu. Nikarudi, nikaiweka dau, nikarusha. Kumi.

Askari alizifunika dadu kwa kiganja. "Mwalimu," akasema taratibu, "si umesema mwenyewe kumi ina njia tatu? Chukua kitambaa chako uende. Mie sikitaki."

Wenzetu wakanitazama. Hapo ndipo nilipopotea. Niliona aibu kukumbushwa hesabu na mtu niliyemfundisha mimi.

"Mchezo ni mchezo," nikamjibu, nikarusha. Tisa. Nikarusha tena. Sita. Mara ya tatu dadu zikatulia: nne na tatu.

Jioni kiburi kilipopoa nilimfuata. Alikuwa ameshaiuza.

Shaabani ilipofika, mama alifungua sanduku mbele ya jirani yetu, shoga yake wa siku nyingi. Alinitazama mara moja tu.

"Nilisahau," akamwambia jirani. "Nilimpa mfiwa mmoja."

Mama yangu hakuwa mwongo. Uongo huo nilimtia kinywani mimi.

Nilihangaika miezi mitano nikapata bafta nyingine, nzuri kuliko ile. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua, na kesho yake akaipeleka kwa jirani aitunze. Hatukulizungumza jambo hilo kamwe. Siku aliyofariki, waosha waliniuliza mimi, mwanawe wa pekee, sanda iko wapi, na ilinibidi niwajibu mbele ya watu wote kwamba iko nyumba ya pili.