Karatasi ya Kushindwa

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaacha, nikaenda kufyatua matofali. Nyumba ninayolala nimeijenga mwenyewe, mashine ya kusaga nimeinunua mwenyewe. Kwa hiyo waliponiweka kwenye baraza la kata, tuamue kesi za mashamba, sikushangaa.

Kesi yangu ya mwisho ilikuwa ya mjane mmoja wa kijijini kwetu. Mumewe alipofariki, shemeji yake aliingia kwenye shamba la migomba akasema ni la ukoo. Tukawasikiliza majirani siku mbili, tukaamua shamba ni la mjane. Nikachukua jembe nikapanda minyaa ya mpaka kwa mikono yangu, maana kwetu mpaka usiopandwa na mzee hauheshimiwi. Mjane akapiga magoti. Nikamwambia, "Inuka, mama. Imekwisha."

Haikwisha. Shemeji aling'oa minyaa yote, akapanda mihogo. Nikamchukua mjane na hukumu yetu yenye muhuri, tukapanda gari mpaka Kasulu mjini, baraza la ardhi la wilaya, ili wamtoe yule mtu kwa nguvu.

Mwenyekiti wa pale ni mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Alinipa shikamoo vizuri. Akasoma, akairudisha karatasi mezani taratibu.

"Mzee wangu, hukumu hii haina nguvu."

"Haina nguvu vipi? Muhuri huo huuoni?"

"Nauona. Lakini siku hizi baraza la kata haliamui kesi za ardhi. Linapatanisha tu. Sheria ilibadilishwa."

"Na nani?"

"Bunge."

Nilikaa kabla sijaambiwa nikae. Akanieleza kwamba muswada unasomwa Dodoma, wabunge wanaujadili, wanaupigia kura, Rais akitia saini unatangazwa, na tangu hapo sheria inamhusu kila mtu, aliyesikia na asiyesikia. Sisi hatukusikia. Nikaanza kukumbuka watu waliohama mashamba kwa neno langu tu, mmoja baada ya mwingine.

"Mbunge wetu naye alikuwemo?"

"Wabunge wote wanaitwa, mzee."

Huyo mbunge nilimpigia kura mimi. Niliwahi foleni alfajiri, na kampeni yake niliifanya palepale kwenye mashine yangu. Kumbe nilimtuma akaninyang'anye jembe.

Nikasema, "Basi amua wewe, sasa hivi."

"Siwezi. Kata iwapatanishe kwanza. Mkikwama, mnaandika kwamba mmeshindwa. Kwa karatasi hiyo mama atafungua kesi hapa."

"Niandike nimeshindwa? Mimi sikushindwa. Nilihukumu."

Mjane akasogea mezani. Akasema, "Mzee, hukumu yako imeota mihogo juu."

Tukapanda gari, tukarudi kijijini.

Tukamwita shemeji mbele ya baraza la kata. Akaja anatabasamu. "Leo mzee unanibembeleza?"

"Nakubembeleza. Sheria imesema."

"Na nikikataa utanifanya nini?"

"Hakuna."

Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mtu tangu nianze kujitegemea. Alikataa siku hiyo, akakataa mara ya pili. Mara ya tatu alikuja na kiti chake kutoka nyumbani, akakaa, akakataa amekaa.

Katibu akaandika: baraza limeshindwa kuwapatanisha. Akanisogezea kalamu. Nimetia saini vitu vingi maishani, vya mashine, vya kiwanja, vya mahari ya wanangu, na vyote nilivitia saini haraka. Hapo jina langu nililiandika herufi moja moja, na shemeji anatazama.

Nikampa mjane karatasi. Safari hii hakupiga magoti. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaniuliza gari la Kasulu linapita saa ngapi.