Maman Alinunua Ziwa

Miaka ile ya Zaïre, papa alikuwa fundi cherehani mtaa wa Kadutu, akishona abacost, zile suti za wakubwa zisizovaliwa na tai, na maman alikuwa muuguzi. Tangu waoane hawakuwahi kupumzika pamoja. Siku moja papa akaja na habari kwamba ametununulia safari ya Pasaka kwenye ajensi moja ya mjini: boti ya kupita ziwani hadi Goma, hoteli, chakula, na gari la kututembeza. Maman aliuliza jambo moja tu, kama boti inapita karibu na kisiwa cha Idjwi. Alizaliwa huko, akaondoka akiwa mutoto, hakurudi tena. Papa akatushonea nguo za kitambaa kimoja, mimi na maman.

Siku ya safari ilipokaribia, mwenye ajensi akatuita. Mashine ya boti imeharibika, akasema, lakini tusiwe na wasiwasi: tutapanda lori, na hoteli ni ileile. Papa, mtu mpole, akaanza kuitikia. Maman akamshika mkono.

"Monsieur, miye sikununua Goma," akamwambia yule bwana. "Nilinunua ziwa. Ukitaka kunibadilishia, uniulize kwanza kama nakubali."

Bwana akasema wengine wote wamekubali. Maman hakupandisha sauti. Alijibu kwamba hao wana haki ya kukubali, naye ana haki ya kukataa; amtafutie boti nyingine, ama amrudishie pesa. Mimi nyuma ya kiti chake niliona aibu, maana kwetu hatukuzoea mtu wa ofisi akataliwe. Bwana akacheka kidogo, akakiri kwamba hata mke wake angelikataa lori lile. Akarudisha pesa yote.

Jumamosi kuu tukapanda boti ya wafanyabiashara iliyokuwa inakwenda Idjwi kuchukua mananasi. Maji yaliturukia, nguo zetu mpya zikalowa, maman akawa anacheka kama msichana. Tulifikia kwa shangazi yake, mama mzee aliyemtambua kwa mwendo kabla hajasema yeye ni nani. Walishikana mikono muda mrefu.

Goma nimekwenda mara nyingi baadaye. Lakini nikiwakumbuka wazazi wangu, nawaona siku ile ya Pasaka mchana: maman, ambaye nyumbani hakujua kukaa kitako, amelala fofofo juu ya mkeka, na papa kando yake, anamfukuzia nzi kwa kofia.